Je, Wajua? Waya Ukizungushwa Hupata Nguvu

Pitisha umeme kwenye waya wa shaba ulionyooka na tayari unayo sumaku, ila ni dhaifu hata pini haiinui. Uzungushe waya huo huo uwe koili, kwa betri ile ile na mkondo ule ule, na mambo yanabadilika kabisa. Shaba haikuongezeka wala umeme haukuongezeka. Kilichobadilika ni umbo, na umbo hilo ndilo linalowasha magari yetu, kupiga picha za ubongo hospitalini, na limewahi hata kumfanya chura aelee hewani. Twende nalo.

Sindano iliyohama darasani

Hadi mwaka 1820 umeme na sumaku vilifundishwa kama vitu viwili visivyojuana. Aprili mwaka huo, Hans Christian Ørsted, profesa wa Copenhagen nchini Denmark, alikuwa akifundisha, na umeme ulipopita kwenye waya uliokuwa karibu na dira, sindano ya dira ikahama. Julai akachapisha kurasa chache kwa Kilatini na kuzituma kwa wasomi wa Ulaya nzima. Ilipofika Septemba, kule Paris, André-Marie Ampère alikuwa tayari anaonyesha kwamba waya uliozungushwa kama parafujo huwa na ncha mbili, ya kaskazini na ya kusini, sawa na sumaku ya kawaida. Yeye ndiye aliyeuita waya wa namna hiyo solenoidi.

Miezi mitano tu tangu sindano itikisike, na habari zenyewe zilikuwa zikisafiri kwa farasi na meli za matanga!

Kukunja peke yake kunazidisha mara 3.14

Tupime. Nguvu ya uga wa sumaku hupimwa kwa tesla, na kwa vitu vidogo tunatumia mikrotesla, yaani sehemu moja ya milioni. Waya ulionyooka wenye mkondo wa ampia 1 hutoa mikrotesla 20 ukiwa umbali wa sentimita 1. Ukunje waya huo uwe duara moja, kutoka katikati hadi ukingoni iwe sentimita 1 ile ile, na pale katikati utapata mikrotesla 62.8.

Ukigawanya 62.8 kwa 20 utakuta 3.14, ile pai ya darasani! Sababu yake inapendeza. Uga wa sumaku huuzunguka waya pande zote, kama bangili zinavyouzunguka mkono. Waya ukinyooka, kila kipande chake kilicho mbali kinakuchangia kidogo mno. Ukiukunja duara, vipande vyote vinakuwa karibu nawe kwa umbali ulio sawa, na vyote vinasukuma uga wao kupita katika tundu lile lile, kuelekea upande ule ule. Hakuna kinachopotea pembeni.

Kutoka mikrotesla 20 hadi 1,257

Sasa usiishie duara moja. Chukua waya wenye unene wa milimita 1 na uuzungushe mizunguko ikigusana, kumi kwa kila sentimita. Kwa ampia 1 ile ile, ndani ya koili ndefu ya namna hiyo kuna mikrotesla 1,257, zaidi ya mara 60 ya waya ulionyooka.

Kwa kulinganisha, Dunia yenyewe, na ukubwa wake wote, hapa Nairobi inatoa mikrotesla 33 hivi. Kipande cha waya kinachoenea mfukoni kinaishinda sayari nzima karibu mara 40, walau katika nafasi ndogo iliyo ndani yake. Na hapo hatujatia hata msumari.

Mizunguko iliyo jirani husaidiana kwa njia ya ajabu kidogo: kati ya mzunguko mmoja na wa pili, uga wa mmoja hushuka na wa mwenzake hupanda, vikauana. Lakini ndani ya bomba yote huelekea upande mmoja na kujumlishana. Nje ya koili ndefu karibu hakuna kitu, kwa sababu nguvu yote imekusanywa ndani.

Unene wa koili hauna maana yoyote

Hili huwashangaza hata wanafunzi wa chuo. Koili nyembamba kama kalamu na koili pana kama pipa, zikiwa ndefu vya kutosha na zenye mizunguko idadi ile ile kwa kila sentimita na mkondo ule ule, zina uga ulio sawa ndani yake. Ukienda katikati kabisa au ukiegemea ukuta wa koili, kipimo ni kile kile. Kinachohesabika ni mambo mawili tu: mkondo na msongamano wa mizunguko.

Kwenye mdomo wa koili ndefu uga hupungua, na hupungua kwa kiasi kinachopendeza: nusu kamili ya ule wa katikati.

Mshona viatu aliyeinua kilo nne

Sumaku ya kwanza ya umeme iliyofaa kwa kazi ilionyeshwa mwaka 1825 na William Sturgeon wa Uingereza, mtu aliyelelewa katika ushonaji wa viatu, akaingia jeshini, na akajisomea sayansi mwenyewe. Alichukua chuma cha gramu 200, akakipinda kama kwato ya farasi, akakipaka vanishi, kisha akakizungushia waya wa shaba mizunguko 18. Kikainua kilo 4, mara 20 ya uzito wake. Alipokata umeme, mzigo ukaanguka papo hapo.

Huko kuanguka ndiko kulikokuwa jambo kubwa. Sumaku za asili zilikuwepo tangu kale, lakini hakuna aliyewahi kuiamuru sumaku ishike na iachie.

Kasoro ilikuwa moja. Vanishi ilikuwa kwenye chuma, na waya wenyewe ulikuwa mtupu. Mizunguko ikigusana, umeme ungeruka kutoka mmoja hadi mwingine kwa njia ya mkato, kwa hiyo ilibidi aiachanishe.

Hariri ndiyo iliyoongeza nguvu

Mwalimu mmoja wa Albany, jimbo la New York, aliligeuza jambo hilo. Joseph Henry alivisha waya wenyewe uzi wa hariri. Sasa mizunguko iliweza kubanana, tabaka juu ya tabaka, bila umeme kukosea njia. Mwaka 1831 alitengeneza sumaku kwa ajili ya Chuo cha Yale: chuma chenye uzito wa kilo 27 hivi kikabeba zaidi ya kilo 900.

Leo hariri haitumiki. Ukiuona waya wa koili uking'aa rangi ya kahawia yenye wekundu, usidhani ni shaba tupu: umepakwa vanishi nyembamba sana, na hiyo ndiyo inayofanya kazi ya hariri ya Henry. Vanishi hiyo ikiungua kwa joto, mizunguko hugusana na koili hufa. Ile harufu kali ya mota iliyoungua, ambayo fundi huitambua akiwa bado mlangoni, ni ya vanishi.

Kuongeza mizunguko kunaweza kusiongeze chochote

Hapa naomba utulie kidogo, maana ndipo penye utamu.

Watu wengi, na vitabu vingi vya shule, husema: ukitaka sumaku kali, ongeza mizunguko. Ni kweli ikiwa mkondo haubadiliki. Lakini chukua betri ya gari ya volti 12 na koili ya mizunguko 100 inayovuta ampia 6. Zidisha mizunguko kwa mkondo, upate 600. Sasa rudufu mizunguko iwe 200, kwa waya wa unene ule ule na duara la ukubwa ule ule. Waya umekuwa mrefu mara mbili, ukinzani umerudufika, na mkondo umeshuka hadi ampia 3. Zidisha tena, 200 kwa 3, na unapata 600 zile zile. Nguvu ya kusumakisha haikuongezeka hata chembe!

Je, kazi yote ya kuzungusha imepotea? Hapana. Koili ya kwanza ilikuwa ikila wati 72, na ya pili inakula wati 36. Umepata nguvu ile ile kwa nusu ya umeme na nusu ya joto. Ndiyo maana swichi ndogo za rilei zina maelfu ya mizunguko ya waya mwembamba kama unywele: zinatakiwa kukaa zimeshika kwa saa nyingi bila kuungua.

Anayetaka nguvu zaidi kwa betri ile ile abadilishe unene wa waya, si idadi peke yake. Fundi wa kusuka mota analijua hilo kwa mikono. Kabla ya kutupa koili iliyoungua huihesabu mizunguko, kisha huukwangua waya vanishi na kuupima unene kwa mikromita. Akikosea kipimo kimojawapo, mota itarudi kwake inafuka moshi.

Henry aliutambua uhusiano huu wa waya na betri mapema, na akautumia kupigisha kengele kupitia waya wenye urefu wa maili moja aliouzungusha ndani ya chumba. Miaka 13 baadaye, Mei 1844, Samuel Morse alituma ujumbe wa simu ya maandishi kutoka Washington hadi Baltimore, na upande wa kupokea kulikuwa na sumaku ya umeme iliyozungushwa kwa akili hiyo hiyo.

Chuma hushiba

Ukitia chuma laini ndani ya koili, uga hupanda mara mamia, hata maelfu. Umeme wa waya haufanyi kazi yote hiyo. Unayapanga tu mabilioni ya sumaku ndogo ndogo zilizomo ndani ya chuma zielekee upande mmoja, nazo ndizo zinazoleta nguvu.

Lakini zikishajipanga zote, basi. Chuma hushiba kwenye tesla 2 hivi, na baada ya hapo hata ukiongeza umeme vipi hakikusaidii tena. Sumaku kali kuliko zote duniani zina koili tupu katikati, bila chuma.

Setilaiti iliyoitwa Uhuru, na koili iliyoigeuza

Desemba 12, 1970, Kenya ikiadhimisha miaka 7 ya uhuru, roketi ilipaa kutoka San Marco, jukwaa la Waitaliano lililosimama baharini karibu na Malindi. Juu yake kulikuwa na setilaiti ya NASA, ya kwanza kabisa kutengenezwa kwa ajili ya kuchunguza eksirei zinazotoka kwenye nyota. Kwa heshima ya siku ile na ya wenyeji wake, ikapewa jina la Kiswahili: Uhuru. Aliyeusimamia mradi huo NASA alikuwa mhandisi Marjorie Townsend.

Sasa jiulize: chombo kikiwa angani, hakuna barabara ya kukanyaga wala maji ya kupigia kasia. Kitajigeuzaje? Uhuru haikuhitaji mafuta. Ilikuwa na sumaku za umeme. Waongozaji walioko chini wakituma amri, mkondo unapita kwenye koili, koili inakuwa sumaku, na uga wa sumaku wa Dunia unaisukuma taratibu kama unavyoisukuma sindano ya dira. Setilaiti nzima inageuka na mhimili wake unaelekea sehemu ya anga inayotakiwa. Ilikuwa ikijizungusha polepole, zamu moja kwa dakika 12 hivi, ikifagia anga kwa macho yake ya eksirei.

Orodha yake ya mwisho ilikuwa na vyanzo 339 vya eksirei. Kimojawapo ni Cygnus X-1, ambacho uchunguzi wa Uhuru ulisaidia kukifanya kiwe mgombea wa kwanza mzito wa kuitwa shimo jeusi. Riccardo Giacconi, mwanasayansi aliyeongoza utafiti huo, alishiriki Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 2002.

Mtindo huo wa kujigeuza haujapitwa na wakati. Darubini ya Hubble inazo fimbo nne za namna hiyo. Setilaiti ndogo za vyuo vikuu, zinazoweza kubebwa kwa mkono mmoja, nyingi hutegemea koili hizo hizo kwa sababu ni nyepesi na hazina mafuta ya kuisha.

Ule mlio wa tak-tak-tak asubuhi ya baridi

Ndani ya stata ya gari lako kuna solenoidi yenye koili mbili juu ya bomba moja: moja ya waya mnene, nyingine ya waya mwembamba. Ukigeuza ufunguo zote mbili huvuta kwa pamoja, na kipande cha chuma kinarushwa ndani ya bomba. Kinafanya mambo mawili kwa mpigo: kinaisukuma gia ndogo iumane na meno ya gurudumu la injini, na kinagandamiza vigingi vya shaba ili ampia mia kadhaa zipite kwenda kwenye mota ya stata. Papo hapo koili nene inaacha kazi yenyewe na nyembamba inabaki kushikilia, kwa kuwa chuma kikishaingia hakihitaji nguvu nyingi kubaki pale.

Betri ikiwa dhaifu utasikia tak-tak-tak. Solenoidi imevuta, stata imeanza kula umeme, volti zimeporomoka, na koili nyembamba imeshindwa kushika na kuachia. Ikiachia, volti zinapanda tena, inavuta tena. Mlio huo unakuambia solenoidi bado inavuta. Kagua kwanza betri na vichwa vyake kabla hujanunua stata nyingine.

Umeme ukikatika, sumaku ya MRI inabaki inavuta

Mashine ya MRI ni solenoidi ambayo mgonjwa huingizwa ndani yake. Nyingi zina tesla 1.5, zaidi ya mara 45,000 ya uga wa Dunia hapa kwetu. Waya wake ni mchanganyiko wa niobiamu na titaniamu, na huzamishwa katika heliamu iliyo kimiminika yenye baridi ya nyuzi 269 chini ya sifuri. Kwenye baridi hiyo ukinzani wa waya hutoweka kabisa. Mkondo ukishaanzishwa, miisho ya koili huunganishwa na umeme unazunguka miaka kwa miaka bila kuongezewa.

Kwa hiyo taa za hospitali zikizimika usiku, sumaku ile haijazimika. Mtungi wa oksijeni wa chuma ukiingizwa chumbani humo huruka kama kombora, na watu wamewahi kufa kwa sababu hiyo. Ukiambiwa uache funguo, simu na mkanda nje ya mlango, tii bila kubishana, hata kama mashine inaonekana imelala.

Na zile kelele za kugongagonga wakati wa kupigwa picha? Hizo ni koili nyingine, zinazowashwa na kuzimwa haraka haraka ndani ya uga mkubwa. Kila zikiwashwa zinasukumwa, zinatetemeka, na mtetemo ndio unaousikia.

Chura aliyeelea

Mwaka 1997, mjini Nijmegen nchini Uholanzi, Andre Geim na wenzake walimweka chura mzima ndani ya tundu la solenoidi iliyosimama wima, tundu lenye upana wa sentimita 3 na kidogo. Walipofikisha tesla 16 hivi, chura akaelea hewani. Hakufungwa uzi wala hakuwekewa chuma chochote.

Maji, na karibu kila kilicho mwilini, husukumwa na sumaku, ila kwa nguvu ndogo sana hatuihisi kamwe. Karibu na sehemu ya juu ya koili, ambako uga unaanza kupungua, msukumo huo mdogo ulitosha kuubeba uzito wa chura. Alitoka salama. Geim alipewa Ig Nobel, tuzo ya tafiti zinazochekesha kwanza na kufikirisha baadaye, mwaka 2000. Mwaka 2010 akapata Nobel yenyewe ya Fizikia, kwa kazi nyingine kabisa, ya grafini. Napenda kwamba mtu mmoja aliona yote mawili yanastahili muda wake.

Solenoidi unayoweza kupita ndani umesimama

Chini ya ardhi huko Cessy, Ufaransa, karibu na mpaka wa Uswisi, kituo cha CERN kina solenoidi yenye kipenyo cha mita 6 na urefu wa karibu mita 13. Hubeba mkondo wa ampia 18,000 hivi na kutoa tesla 3.8. Kifaa kizima kinaitwa CMS, na hiyo S ya mwisho ni solenoidi yenyewe.

Kazi yake ni kupinda njia. Chembe yenye chaji ikipita kwenye uga wa sumaku hujikunja, na ile yenye kasi kubwa hujikunja kidogo kuliko ya polepole. Wanasayansi husoma mkunjo huo wakajua chembe ilikuwa na msukumo kiasi gani. CMS ni mmojawapo wa mitambo miwili iliyotangaza ugunduzi wa chembe ya Higgs, Julai 4, 2012.

Koili hutaka kujipasua

Uga wa tesla 1 ndani ya koili husukuma kuta zake kwa shinikizo la PSI 58 hivi, karibu maradufu ya upepo wa tairi la gari dogo. Tatizo ni kwamba uga ukirudufika, shinikizo huwa mara nne. Kufikia tesla 45, kama mtambo wa Tallahassee huko Florida na ule wa Hefei nchini China uliofika 45.22 mwaka 2022, kila sentimita ya mraba ya ukuta inasukumwa kwa tani 8. Wahandisi wa sumaku kali wanapambana na uimara wa metali kuliko wanavyopambana na umeme.

Pyotr Kapitsa aliligundua hilo mapema. Miaka ya 1920, akiwa Cambridge, alipitisha mkondo mkubwa kwenye koili ndogo kwa sehemu moja ya mia ya sekunde, muda mfupi usiotosha kuiyeyusha. Jenereta yake ilitikisa jengo kila alipoisimamisha ghafla. Akaiweka umbali wa mita 20 hivi kutoka kwenye koili: mtetemo ulipokuwa bado unasafiri sakafuni, kipimo kilikuwa kimekwisha kuchukuliwa!

Mwaka 2018 watafiti wa Tokyo walifika tesla 1,200 ndani ya maabara. Koili ililipuka, kama walivyotarajia. Milango ya chuma ya kizimba chake nayo ilipinda, na hilo hawakulitarajia.

Springi inayocheza dansi

Mizunguko ya koili huvutana, kwa sababu nyaya zinazobeba umeme upande mmoja huvutana. Ning'iniza springi nyepesi, ncha ya chini iguse zebaki, pitisha umeme: springi inajikunyata, ncha inatoka kwenye zebaki, umeme unakatika, springi inashuka, inagusa tena, na kuendelea hivyo. Kifaa hicho hunasibishwa na Peter Mark Roget, daktari wa Uingereza ambaye mwaka 1852 alichapisha kitabu maarufu cha visawe vya Kiingereza. Zebaki ni sumu, kwa hiyo hili liachie maabara.

Koili isiyo na sumaku

Kunja waya katikati, uwe mbili sambamba, kisha uuzungushe. Umeme unakwenda kwa waya mmoja na kurudi kwa mwenzake, na uga wote unafutika. Mafundi hutumia mbinu hiyo kutengeneza vikinza vya waya ambavyo havitakiwi kuleta usumaku.

Fimbo nyeusi ndani ya redio

Fungua redio ndogo ya mawimbi ya kati na utaona fimbo nyeusi iliyovikwa waya mwembamba. Hiyo ni koili inayofanya kazi kinyumenyume: uga wa sumaku wa wimbi unapita ndani yake na kuzalisha umeme. Ndiyo maana ukiigeuza redio sauti hupanda na kushuka. Fimbo ikielekeza ncha yake kwenye mnara wa matangazo, kituo hupotea. Ikilala ikiikingama njia hiyo, sauti hurudi. Babu aliyekuwa akizungusha redio yake mezani kila jioni kabla ya taarifa ya habari alijua anachofanya.

Simu yako inaweza kuyapima haya yote

Simu nyingi za kisasa zina kipima sumaku cha dira, na kuna programu za bure zinazoonyesha mikrotesla. Iweke mezani mbali na vyuma na spika, usome: Afrika Mashariki utapata kama 30 hadi 35.

Kisha chukua waya wenye vanishi, kwangua miisho yake kwa wembe hadi shaba ionekane, na utumie betri moja kubwa ya tochi. Nyoosha waya kwanza, ugusishe betri kwa sekunde mbili tatu, uone namba ikisogea. Halafu uzungushe kwenye kalamu mizunguko 50, uelekeze mdomo wa koili kwenye simu ukianzia umbali wa shubiri moja, kwa kuwa ukiikaribia mno kipimo kitafika ukomo. Geuza ncha za betri uone upande ukibadilika. Mwisho badilisha kalamu kwa msumari wa inchi 4 na ujaribu kwenye pini. Usishikilie muda mrefu, waya hupata moto na betri huisha haraka, na usithubutu kutumia umeme wa ukutani. Ukiondoa betri, pini moja mbili huenda zikabaki zimeng'ang'ania msumari: misumari ya dukani si chuma laini kabisa, kwa hiyo hubaki na usumaku kidogo, tofauti na vyuma vinavyochaguliwa kwa ajili ya rilei na stata.